Kabla ya Kuchanga Pesa za Masta ya Ushauri Nasaha

(Maneno haya yalisemwa katika mkutano wa pamoja wa vikundi vya kujisaidia vya parokia. Msemaji alikuwa mwalimu wa shule ya msingi na mweka hazina wa kikundi cha akina mama, na sasa anafanya kazi ya ushauri nasaha katika hospitali ya misheni. Tumeyaandika jinsi alivyoyasema, tukipunguza hapa na pale.)

Nimepewa nusu saa. Mwenyekiti ananijua, ndiyo maana ameweka saa yake hapa mezani mbele yangu. Sawa, nitajaribu.

Aliponiita, aliniambia nije niwaeleze jinsi mtu anavyoomba nafasi chuo kikuu kusomea masta ya ushauri nasaha. Nilicheka kidogo. Nikamwuliza, vikundi vyenu ni vya kuku, vya matangi ya maji na vya miti, masta inawahusu nini? Akaniambia: kuna binti wa mwenzetu amemaliza digrii, ana fomu mkononi, na familia imeomba vikundi vichange. Wengine wamekubali. Wengine wanasema kusomea kuongea na watu ni kupoteza pesa, kwa sababu kuongea kila mtu anajua. Na pesa zenyewe zilizoko ni zile za tangi.

Hapo nikaelewa kwamba si maneno ya bure. Kwa hivyo nitasema na binti, maana yuko hapa, na nitasema na nyinyi mtakaoulizwa pesa.

Nianze na hao wanaosema kuongea kila mtu anajua. Hawajakosea sana. Shida iko katika neno lenyewe. Sisi tukisikia ushauri tunafikiria mzee ameketi, mtu anakuja na shida yake, na mzee anamwambia fanya hivi, usifanye vile. Huo ni ushauri mzuri na tusiuache. Lakini kazi hii inayosomewa chuoni ni nyingine. Mshauri hakuambii ufanye nini. Anakusikiliza, anakuuliza, anakungoja, mpaka wewe mwenyewe usikie unachosema. Mnawakumbuka rafiki zake Ayubu? Walikaa naye chini siku 7, mchana na usiku, bila mtu kumwambia neno. Mpaka hapo walikuwa wamefanya vizuri kabisa. Walipofungua mdomo ndipo walipoharibu. Mimi nilikwenda chuoni kufundishwa hizo siku 7, tena kwa ada.

Nilipoomba mara ya kwanza, mwaka 2011, sikujua hayo. Fomu ilikuwa na mahali pa kuandika insha, kurasa mbili, ueleze kwa nini unataka kusomea kazi hii. Nikaandika kwamba napenda kuwashauri watu, kwamba shuleni walimu na watoto wote hunijia, kwamba hata kanisani mimi ndiye ninayeitwa ndoa zikiwa na shida, na kwamba Mungu amenipa kipawa hicho. Niliisoma nikajipenda mwenyewe. Nikaitwa mahojiano. Walikuwa watu wanne mezani. Mzee mmoja mpole akaniuliza: "Mwalimu, mara ya mwisho ulipomsikiliza mtu mpaka mwisho bila kumwambia afanye nini, ilikuwa lini?"

Nilinyamaza. Nikatafuta. Nikaanza kueleza habari ya mama mmoja na mumewe, na kabla sijafika katikati nikajisikia nikisema "nikamwambia". Nikajua nimekwisha. Barua ya kukataliwa ilikuja baada ya wiki chache, na sikumwonyesha mtu. Wakati ule niliwakasirikia. Leo najua waliniuliza swali la haki.

Sasa nisikilizeni hapa, maana ndipo shina la mambo yote.

Mwaka uliofuata nilikuwa bado mweka hazina wa kikundi chetu. Kulikuwa na mwanachama mmoja aliyekosa mikutano mitatu mfululizo. Sheria yetu ilikuwa ukikosa bila kutuma habari unatozwa faini. Nikaiandika kwenye daftari, shilingi 50 kila mkutano, nikaenda kwake kudai. Nilikwenda na daftari kwapani kama karani wa kodi. Nilimkuta ameketi nje ya jiko, mchana, moto haujawashwa. Nikafungua mdomo kusema faini, neno halikutoka. Nikakaa. Tulikaa pale mpaka jua likaanza kushuka. Alizungumza kidogo, akanyamaza, akazungumza tena. Mimi sikuwa na la kumwambia, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu sikutafuta. Nilipoondoka aliniambia nirudi kesho.

Najua mnataka kujua alikuwa na nini. Hata mimi nilipoketi kuandika insha ya pili niliandika yote aliyoniambia, jinsi alivyolia, na mambo ya nyumba yake. Nikampelekea pasta wetu, ambaye alikuwa mmoja wa wale wa kuniandikia barua. Akaisoma, akaikunja, akanirudishia. Akaniuliza: "Hii habari ni yako?"

Nilikwenda nyumbani nikaichoma. Nikaandika upya habari iliyokuwa yangu: mweka hazina aliyekwenda kudai shilingi 150 kwa mtu aliyekuwa na msiba moyoni, na alichojifunza juu ya nafsi yake siku ile. Ya mama yule sikuyaandika, wala kabila, wala kijiji. Katika mahojiano mmoja wao akaniuliza moja kwa moja yule mama alikuwa na shida gani. Nikamwambia samahani, hiyo si yangu kusema. Aliandika kitu kwenye karatasi yake. Sijui aliandika nini, lakini nilipata nafasi.

Binti yangu, nakuambia wewe uliye na fomu. Utajaribiwa kuandika huzuni ya mtu mwingine kwa sababu inasomeka vizuri. Usifanye. Wale watu wa mezani wanatafuta mtu ambaye wataweza kumkabidhi siri za wagonjwa, na insha yako ndiyo siri ya kwanza wanayoona umeishika vipi. Na usiandike tu kwamba umeteseka kwa hivyo utawaelewa wanaoteseka. Kuteseka tumeteseka wote. Andika umefanya nini nako. Kama kidonda chako bado kibichi, sema hivyo bila kuona haya, na useme unakitunza vipi. Vyuo vingi vinataka mwanafunzi mwenyewe aende kwa mshauri wakati anasoma. Mimi nilifikiri ni mchezo mpaka nilipoketi kwenye kile kiti kingine.

Kuhusu kama nchi inahitaji watu hawa, sitakaa sana. Kazi hii si ngeni Kenya. Kituo cha Amani pale Nairobi kilianzishwa 1979. Wengi wetu tulianza kulisikia neno hili wakati wa ukimwi, uliotangazwa kuwa janga la taifa mwaka 1999, na mwaka mmoja kabla ya hapo ulikuwa ule mlipuko wa bomu wa Agosti 7, 1998, ambapo watu zaidi ya 200 walikufa Nairobi na waliobaki wengine hawakuweza kulala kwa miaka. Kisha mwaka 2001 serikali ikapiga marufuku kiboko shuleni, na sisi walimu tukaambiwa tutumie ushauri nasaha. Wengi hatukuwa tumefundishwa. Tuliweka kiboko chini tukashika mdomo, na mdomo wa mwalimu mnaujua.

Na kuna mambo ambayo watu waliyaficha kwa kuogopa hata polisi. Kwa miaka mingi mtu aliyejaribu kujiua katika nchi hii, akaokolewa, alihesabiwa mvunja sheria chini ya kifungu 226 cha Kanuni za Adhabu. Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu hicho kinapingana na Katiba. Familia ngapi ziliogopa kumpeleka mtoto hospitali kwa sababu hiyo? Hao ndio watu watakaokuja kwa binti huyu. Kwa hivyo nikiulizwa kama ni kupoteza pesa, jibu langu ni hapana. Lakini nikiulizwa kama tutoe zile za tangi, ngojeni kidogo.

Habari ya karatasi

Siku zangu fomu ilikuwa ya karatasi, nikaipeleka mwenyewe kwa matatu. Siku hizi nyingi zinajazwa kwa kompyuta, hata kwa saiba pale sokoni. Lakini usimwachie kijana wa saiba akujazie. Kaa kando yake, na neno la siri liwe lako.

Jambo la kwanza ni chuo. Kozi ya masta ya ushauri nasaha iko Daystar, iko Kenyatta, iko Chuo Kikuu cha Kikatoliki pale Lang'ata, iko USIU, na kwingine. Kabla ya kulipa hata shilingi, hakikisha chuo kimeidhinishwa na ile tume ya serikali ya vyuo vikuu, CUE. Orodha yao iko wazi kwa kila mtu. Uliza pia kama watu waliosoma kozi hiyo wanasajiliwa bila taabu. Tangu mwaka 2014 tuna Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia, na sheria hiyo iliweka Bodi ya kuwasajili. Anayetaka kuifanya kazi hii anatakiwa asajiliwe. Tusilipe ada miaka miwili halafu karatasi ikataliwe mlangoni.

La pili ni digrii ya kwanza. Kwa kawaida wanataka daraja la pili, ngazi ya juu. Ukiwa na ngazi ya chini, vyuo vingi hukubali kama umefanya kazi inayohusika kwa muda, mara nyingi miaka miwili au zaidi. Huyu binti ameniruhusu niseme kwamba yake ni ngazi ya chini. Asikate tamaa na asifiche. Ule mwaka aliokaa na akina mama wa zahanati akiwatembelea wagonjwa majumbani, hiyo ni kazi, hata kama hakulipwa. Lakini iandikwe. Katibu wa kikundi atoe barua yenye muhuri, yenye tarehe alizoanza na kumaliza na kazi aliyofanya. Mmeona? Mchango wa kwanza wa kikundi ni barua, na haina gharama ila wino. Kama digrii ilikuwa ya mambo mengine kabisa, kwa mfano biashara au kilimo, kuna vyuo vinavyomwambia mtu asome kwanza masomo machache ya msingi ya saikolojia. Hiyo ni ada juu ya ada, aulize mapema.

La tatu ni matokeo kutoka chuo cha kwanza, ile karatasi yenye alama za kila somo. Hapo ndipo watu wengi hukwama. Ukiwa na deni la ada au la maktaba hawakupi. Nenda mapema.

Na majina! Akina mama wananielewa. Cheti cha shule kina jina la baba, kitambulisho kina jina la bwana, na cheti cha digrii kimeacha jina la ubatizo. Chuo kitauliza kama hawa ni watu watatu. Nenda kwa wakili ule kiapo kwamba ni mtu mmoja. Mimi nililijua jambo hili siku 4 kabla ya fomu kufungwa, na siku hizo 4 sitaki kuzikumbuka.

Barua za watu wanaokujua huwa mbili au tatu. Usiwape wajomba. Angalau mmoja awe mwalimu aliyekufundisha chuoni, kwa hivyo mwandikie sasa, umkumbushe wewe ni nani, umpelekee na insha yako. Pasta au paroko anafaa kwa barua moja. Barua inayosema tu kwamba huyu ni Mkristo mzuri na ana tabia njema haimsaidii. Baba, unisamehe. Aandike amemwona akifanya nini.

Na ada ya kuomba nafasi hairudishwi hata ukikataliwa. Ilipwe kwa nambari ya chuo chenyewe. Mtu akikupa nambari ya simu yake akisema atakusaidia kupita, huyo ni mwizi.

Nisisahau: masta si mlango pekee. Kuna cheti na kuna diploma katika kazi hii hii, kwa ada ndogo zaidi. Nawajua washauri wa diploma ambao ningewapelekea mtoto wangu bila kufikiri mara mbili. Binti ajiulize anataka kufanya nini. Kama ni kukaa na watu hapa zahanati, pengine aanze na diploma. Kama anataka kufundisha wengine au kusimamia idara, basi masta.

Habari ya pesa

Miaka kadhaa iliyopita kikundi chetu kilimfanyia harambee kijana mmoja aliyepata nafasi ya masta. Ilikuwa siku nzuri, mbuzi wawili, ahadi nyingi. Tulilipa muhula wa kwanza. Muhula wa pili ahadi zilipungua, wa tatu hakukuwa na kitu, akarudi nyumbani. Aliacha hata kuja kanisani, kwa sababu kila aliyemtazama alikuwa amemchangia. Tulisema kijana amepotea. Hakuna aliyesimama kusema tulimwacha njiani. Mimi nilikuwa pale na daftari langu, na sikusema.

Kwa hivyo hesabuni yote kabla ya kuchinja mbuzi. Ada ya masta ni laki, si maelfu, na kozi ni kama miaka miwili kwa anayekwenda bila kusimama. Wengi hawamalizi kwa miaka miwili. Mimi nilichukua minne, kwa sababu nilikuwa nafundisha mchana. Masomo ya darasani yakiisha kuna mazoezi ya kazi, kukaa na watu wenye shida chini ya msimamizi. Ni saa nyingi, kwingine ni mamia. Hulipwi, na nauli ni yako, na mahali pengine msimamizi naye analipwa. Kisha kuna tasnifu, na kabla ya kwenda kuuliza watu maswali unahitaji kibali cha utafiti cha NACOSTI, nacho kina ada. Kuna kupiga chapa, kuna kujalidi. Hapa kwenye tasnifu ndipo wengi hulala usingizi wa miaka, na ada ya kila muhula inaendelea kudai.

Akipata nafasi na pesa hazitoshi, ajue anaweza kuandikia chuo barua kuomba kuahirisha. Barua iende kabla ya kuondoka. Anayetoweka kimya huhesabiwa ameacha.

Kuna bodi ya mikopo, HELB, iliyoanza 1995. Inakopesha hata watu wa masta. Huo ni mkopo na utalipwa, asiuite msaada. Aulize pia chuoni kama wana ufadhili au kazi ndogo ya wanafunzi, na aulize ofisi ya maendeleo ya dayosisi.

Sasa niseme msimamo wangu, na mtu akitaka kunipinga anipinge. Pesa za tangi ziende kwa tangi. Mlichanga mkisema ni za maji, na kuna akina mama hapa wanaoamka saa kumi usiku kwenda mtoni. Hata binti huyu mama yake ni mmoja wao. Vikundi vitoe zile pesa ndogo ambazo humzuia mtu mlangoni: ada ya kuomba nafasi, ya kuchukua matokeo, ya wakili, na nauli ya mahojiano. Hizo tukigawana vikundi vitano hazituumizi. Akishapata nafasi, ndipo tukae na familia na barua ya chuo yenye ada zote, tuone HELB wametoa ngapi, na kila kikundi kiseme kitaweza kutoa kiasi gani kila mwezi mpaka mwisho. Hata kama ni 500. Iandikwe kama mkopo au kama zawadi, ijulikane ni ipi, na pande zote mbili zitie sahihi. Maana nikiwaambia ukweli, kazi hii haina mshahara mkubwa. Serikali inaajiri wachache, shuleni kazi hii bado hupewa mwalimu mwenye masomo yake mengine, na hospitali za misheni zinalipa jinsi zinavyolipa. Msimngoje arudi na gari.

Swali limeulizwa hapa na mzee: je, akikataliwa? Mzee wangu, mimi nilikataliwa. Nilikaa mwaka mzima, na mwaka huo ndio ulionipeleka kwenye lile jiko lisilo na moto. Akikataliwa aandikie chuo kwa heshima awaulize alipungukiwa wapi. Wengine hujibu, wengine hawajibu. Zile karatasi alizokusanya bado ni zake, atazitumia tena.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Fomu ya binti inafungwa mwisho wa mwezi huu, na leo ni tarehe 9. Jumatatu aende kufuata matokeo chuoni, katibu wa zahanati amwandikie ile barua leo kabla hajaondoka, na waweka hazina wa vikundi vyote vitano wabaki nyuma tuhesabu nauli. Insha nitaisoma akiniletea. Kumwandikia, simwandikii.